Rivabu na tempo ya wimbo: hesabu, kitufe, geti au sikio?

Sneya, ngoma ya dramu yenye mlio mkali, inapigwa kwenye pigo la pili. Rivabu, ule mwangwi wa ukumbi tunaouongezea sauti, inainuka nyuma yake, inatanda, na kabla haijatulia sneya ya pigo la nne inaipanda mgongoni. Ukiisikiliza sneya peke yake huoni tatizo: inapendeza, ina ukumbi, ina ukubwa. Rudisha kiki (ngoma kubwa ya dramu inayopigwa kwa mguu), besi, gitaa na mwimbaji, na miksi nzima inalegea kama ngoma iliyolowa.

Wengi wetu tukifika hapo tunafungua kikokotoo cha tempo, tunaandika BPM ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika, na kunakili namba zinazotoka. Wengine wanabonyeza kitufe cha kufuata tempo ndani ya plagini (programu ndogo inayotoa rivabu) na kuendelea na kazi. Wapo wanaoukata mkia wa rivabu kwa geti, kifaa kinachoifunga sauti ghafla. Na wapo wasiotaka kusikia habari ya namba kabisa, wanafumba macho na kuzungusha nobu. Nimefanya kazi kwa njia zote nne na sitasema zinalingana, maana hazilingani. Kila moja ina mahali inaposhinda na mahali inapoharibu, na kinachoamua ni hiki: sehemu ya rivabu unayoipima ina ukingo, au ni mteremko? Sikio hushika ukingo kama mdundo. Mteremko halishiki hivyo.

Unapima nini hasa

Rivabu ina vipimo viwili vya muda ambavyo karibu kila plagini inakuwekea mbele. Cha kwanza ni kichelewesho cha mwanzo: kimya kifupi kati ya sauti yenyewe na kuanza kwa rivabu. Hiki kina ukingo, kwa sababu kuna kitambo ambacho rivabu haipo, halafu ghafla ipo. Cha pili ni muda wa mkia, yaani rivabu inachukua muda gani kufifia. Hiki hakina ukingo hata kidogo. Mkia unashuka taratibu mpaka unapotelea chini ya sauti nyingine na huwezi kuonyesha kwa kidole ulipoishia. Ukitumia geti unaongeza kipimo cha tatu, mahali pa kukata, na huo ndio ukingo mkali kuliko yote.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka unavipima vyote vitatu kwa rula moja.

Hesabu

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawa 60,000 kwa BPM, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa BPM 120 una pigo la milisekunde 500. Pigo ni noti ya 1/4; kuanzia hapo unagawa kwa mbili tena na tena ukishuka kwenye noti fupi, au unazidisha kwa nne upate baa nzima ya mapigo manne.

| BPM | Pigo moja | Noti ya 1/32 | Noti ya 1/64 | Baa nzima |
|---|---|---|---|---|
| 70 | 857 | 107 | 54 | 3,429 |
| 92 | 652 | 82 | 41 | 2,609 |
| 105 | 571 | 71 | 36 | 2,286 |
| 120 | 500 | 63 | 31 | 2,000 |
| 140 | 429 | 54 | 27 | 1,714 |

Tazama mstari wa 70 na wa 140. Milisekunde 54 ipo kotekote, kwa majina mawili tofauti. Kwa hiyo ukiuhesabu wimbo wa 70 kama ni wa 140, kichelewesho chako hakiharibiki. Kinachoharibika ni mkia, utakaotoka nusu ya ulivyokusudia.

Kanuni inayofundishwa sana ni hii: kichelewesho kiwe noti ya 1/64 au ya 1/32, halafu mkia uwe baa nzima au nusu baa, ukitoa kile kichelewesho, ili jumla yake itue juu ya pigo. Kwa BPM 120 unapata kichelewesho cha milisekunde 31 na mkia wa 1,969.

Kwenye kichelewesho, kanuni hii ina nguvu, ila si kwa kiwango kilekile kila mahali. Mwaka 1949 Helmut Haas, katika tasnifu yake huko Göttingen, Ujerumani, alionyesha kwamba sauti inayorudi ndani ya takriban milisekunde 30 haisikiki kama sauti ya pili. Sikio linaiunganisha na ile ya kwanza. Kichelewesho cha milisekunde 10 hadi 30, basi, kazi yake si mdundo. Kinatenga neno na ukumbi, neno linabaki mbele na ukumbi unakaa nyuma. Katika eneo hilo ukiweka 27 badala ya 31 hakuna sikio litakalokuambia umetoka nje ya tempo. Ukipanda kwenda 60, 80, 100, mambo yanabadilika. Juu ya sauti kali kama sneya, makofi, au k na t za mwimbaji, rivabu inaanza kusikika kama pigo jingine dogo. Pigo hilo likiangukia nje ya mdundo, linakwaruza. Hapo hesabu si anasa tena.

Lakini kuwa ndani ya tempo hakutoshi. Niliwahi kumiksi wimbo wa polepole wa BPM 68, mwimbaji ana sauti nyororo inayonyoosha irabu. Kikokotoo kilinipa milisekunde 110 kwa noti ya 1/32 nami nikaiweka. Kwenye irabu ndefu ilikuwa nzuri ajabu, rivabu inachanua nyuma ya sauti kama pazia linalofunguliwa. Ubeti ulipofika kwenye maneno yenye konsonanti ngumu, kila k ikasikika mara mbili, kila t mara mbili, kama mtu mwingine ananong'ona nyuma yake akichelewa kidogo. Nikashuka mpaka 55, nusu kamili, bado ndani ya tempo. Wale waimbaji wawili wakawa mmoja. Namba zote mbili zilitoka kwenye hesabu ileile. Iliyofaa ilichaguliwa na sikio.

Nyimbo za mapigo matatu zinataka uangalifu zaidi. Katika 12/8, kila pigo kubwa linagawanyika kwa tatu kwanza, ndipo kwa mbili. Pigo la milisekunde 1,000 linatoa noti za milisekunde 333, kisha 167, 83, 42. Anayegawa kwa mbili tangu juu anapata 500, 250, 125, na ile 125 haina mahali pa kukaa katika wimbo huo. Vikokotoo vingi vina safu ya noti za tatu-tatu pembeni. Hiyo ndiyo ya kutumia.

Namba ya mkia si urefu unaousikia

Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg chuoni hapo, ambako maneno ya mhadhiri yalizama kwenye mwangwi wake mwenyewe. Sabine alikuwa akipiga filimbi ya kinanda cha kanisani, anaikata, anapima ni sekunde ngapi zinapita hadi sauti isisikike tena. Kutokana na kazi yake ndipo tukapata kipimo ambacho plagini zetu zinakitumia mpaka leo: muda wa sauti kushuka desibeli 60, yaani nguvu yake kubaki sehemu moja ya milioni. Na alipima usiku, kwa sababu mchana kelele za mji zingeufunika mkia kabla haujaisha.

Miksi yako haina usiku. Besi inaunguruma, haiheti (matoazi mawili ya dramu) inachakata, gitaa linajaza katikati. Mkia wa rivabu ukishuka desibeli 25 au 30 tu, mara nyingi umeshafunikwa. Na kwa kuwa rivabu ya kawaida hushuka kwa mwendo uleule ukiipima kwa desibeli, mkia wa sekunde 2 unakuwa umeshuka desibeli 30 ikifika sekunde 1. Aliyeandika baa nzima kwenye nobu anasikia nusu baa. Hana kosa la hesabu. Amepima kitu ambacho msikilizaji hatakisikia.

Ndiyo maana ile 1,969 hainishawishi. Milisekunde 31 zilizotolewa kwa uangalifu zinakatwa mahali ambapo hakuna mtu anayesikia chochote, kwenye kitu kisicho na ukingo.

Kuna na hili: nobu yenyewe haisemi kitu kimoja kwenye kila plagini. Nyingi zinataja muda wa masafa ya katikati. Ikiwa kizidishi cha besi kimewekwa 1.5, rivabu iliyoandikwa sekunde 2 inadumu sekunde 3 kule chini, na ni kule chini hasa kunakochafua mdundo. Zile zinazotumia ukumbi uliorekodiwa zina urefu wa ukumbi wenyewe; ukifupisha unauwekea mkia ule mteremko mkali zaidi, ukumbi haubadiliki. Kwa hiyo namba moja ikihamishwa kutoka plagini hadi plagini inaweza kutoa mikia miwili isiyofanana hata kidogo.

Je, hesabu haina kazi kwenye mkia? Inayo, kama alama ya kuanzia. Mimi huchukua muda ninaotaka mkia uwe umeondoka masikioni, nikaudumisha hivyohivyo kama wimbo una ala chache na nafasi nyingi, nikauzidisha karibu mara mbili kama miksi imejaa. Kutoka hapo namba imemaliza kazi yake.

Sneya moja kwa karibu, BPM 92

Pigo ni milisekunde 652. Kutoka sneya ya pili hadi ya nne ni 1,304. Kwa kanuni ya kikokotoo ninaweka kichelewesho cha 20, ambacho ni noti ya 1/128, na mkia wa 1,284.

Sneya ikiwa peke yake, mkia unafika karibu kabisa na pigo la nne, unakwisha, sneya inagonga. Safi. Ninafungua ala zote. Sasa mkia unaonekana kuishia kwenye pigo la tatu, pale kiki inapoingia. Hesabu inaeleza kwa nini: kufikia pigo la tatu rivabu imeshuka karibu desibeli 30, na kiki pamoja na besi zinaimaliza. Ninachosikia ni sneya yenye rivabu ya pigo moja, siyo mawili.

Nikitaka ijaze nafasi yote hadi pigo la nne, ninapandisha mkia hadi sekunde 2.4. Sasa inafika, na sneya ya nne inapoingia ile ya pili imeshuka desibeli 32, haigombani nayo. Ila sehemu ya chini ya miksi imekuwa nzito. Ninaweka ikwalaiza kwenye njia ya rivabu, ninakata kila kitu chini ya 250 Hz. Uzito unaondoka, urefu unabaki. Kukata huko kulisaidia mdundo kuliko kubadilisha muda kwa namna yoyote ile.

Halafu ninajaribu mambo mawili. Kwanza, 2.3 dhidi ya 2.5, nikiwa sitazami skrini. Siwezi kutofautisha. Pili, kichelewesho kutoka 20 hadi 41. Papo hapo sneya inasogea mbele, mshindo wake wa kwanza unakaa wazi na ukumbi unaanza baada yake. Milisekunde 21 zimebadilisha wimbo, ilhali milisekunde 200 za mkia hazikufanya lolote. Kama una dakika tano tu za kushughulikia muda wa rivabu, zitumie kwenye kichelewesho.

Kitufe cha kufuata tempo

Plagini nyingi za sasa zinakuruhusu kuchagua kichelewesho, na baadhi hata mkia, kwa majina ya noti badala ya milisekunde. Faida yake kubwa haiko kwenye usahihi, kwa kuwa namba ni zilezile za kikokotoo. Iko kwenye mabadiliko. Ukiamua katikati ya kazi kwamba wimbo upande kutoka 100 hadi 104, kila kitu kinafuata bila wewe kugusa chochote. Kwa anayetengeneza biti ndani ya programu, mwendo bado haujatulia, kitufe hiki ni msaada wa kweli.

Kinapoumiza ni pale wimbo ulipotoka nje. Umetumiwa faili za sauti, unaziingiza kwenye mradi mpya, na mradi umebaki kwenye 120, namba ambayo programu nyingi huanza nayo. Wimbo ni wa 87. Kitufe kinafuata 120 kwa utiifu kamili na rivabu inatoka nje ya mdundo kila baa, huku skrini ikikuambia uko kwenye noti ya 1/32. Kabla ya kukiamini, washa metronomu ya mradi uisikilize pamoja na wimbo.

Tatizo la pili ni dogo lakini linachosha: kinakupa ngazi, hakikupi katikati. Kwenye BPM 92 unaruka kutoka 41 hadi 82, kama huna noti za tatu-tatu. Mwimbaji anaweza kutaka 60, na 60 haina jina. Zima kitufe uandike 60.

Na ikiwa tempo inabadilika ndani ya wimbo, sikiliza pale inapobadilika. Kichelewesho kinachoruka kutoka muda mmoja hadi mwingine huku sauti ikipita ndani yake kinaweza kutoa mkwaruzo au kuyumbisha sauti kwa nukta.

Geti

Hapa hesabu inapata heshima yake yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika studio ya Townhouse, London, fundi Hugh Padgham alikuta kwamba maikrofoni ya kusikilizia wanamuziki, yenye kompresa kali (kifaa kinachobana sauti kubwa) na ikipitishwa kwenye geti, ilikuwa inaijaza dramu ukumbi mkubwa kisha inaufunga ghafla. Sauti hiyo ikawa alama ya miaka ya 1980, na vifaa vya kidijitali kama AMS RMX16 vikaja na programu yake tayari, bila kuhitaji geti la pembeni.

Rivabu ya namna hii haishuki. Inasimama, halafu inakatika. Kukatika kule kunasikika kama tukio, karibu kama ala nyingine, na kwa hiyo lazima kuangukie mahali wimbo unapapenda. Kwenye BPM 105 noti ya nane, yaani nusu pigo, ni milisekunde 286. Geti likifunga hapo, kimya kinachofuata kinakuwa sehemu ya mdundo. Likifunga 330, kuna kitu kinachechemea nyuma ya haiheti na huwezi kukitaja kwa jina, unajua tu kwamba wimbo unavuta miguu.

Ninachofanya ni kuhesabu kutoka kwenye mshindo wa sneya, si kutoka pale rivabu inapoanza. Ikiwa kichelewesho ni 20, rivabu yenyewe ipate 266 ili kukata kuangukie 286. Hapa kutoa kichelewesho kuna maana, kwa sababu kuna ukingo wa kukilenga. Kumbuka pia kwamba geti lina muda wake wa kufunga; likichukua milisekunde 40 kufunga, lianze mapema.

Ubaya wa geti ni kwamba linajitangaza. Kwenye wimbo wa polepole wenye piano na sauti moja, litasikika kama mlango uliofungwa na upepo.

Sikio peke yake

Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa EMT 140, bamba kubwa la chuma lililotundikwa ndani ya sanduku, zito la karibu kilo 270. Ulichokuwa nacho ni kusogeza ubao wa kuzuia mtetemo karibu au mbali na bamba, na mkia ulifupika au kurefuka, takriban kati ya sekunde 1 na 5. Bamba halikuwa na kichelewesho. Waliokitaka walipitisha sauti kwanza kwenye mashine ya tepu na kutumia pengo kati ya kichwa cha kurekodi na cha kuchezea. Tepu ikienda sentimita 38 kwa sekunde, pengo la sentimita 5 linatoa kama milisekunde 130. Tempo ya wimbo haikuulizwa na mashine. Mafundi walisikiliza, wakasogeza, wakasikiliza tena.

Mimi kwenye mkia bado ninafanya hivyo, na njia yangu ni hii. Ninazungusha baa mbili zenye shughuli nyingi kuliko zote, ala zote zikiwa wazi, sauti ya spika ikiwa chini kiasi cha kuweza kuzungumza juu yake. Ninapandisha rivabu kupita kiasi ili niione. Ninarefusha mkia mpaka wimbo uanze kuzama, hadi pale mapigo yanapopoteza nafasi kati yao. Ninarudi nyuma polepole mpaka yapumue tena. Ndipo ninashusha feda ya rivabu (kitelezi cha kiwango chake) mpaka mahali pake pa kawaida. Mwisho ninaizima kabisa kwa baa nne na kuiwasha kwa nne. Kama ikiwashwa kichwa changu kinaendelea kutikisika vilevile, mkia umekaa. Kama kinasita, ni mrefu.

Udhaifu wa sikio ni uchovu. Baada ya saa mbili rivabu inaanza kusikika kidogo kuliko ilivyo na mkono unaongeza. Tena sikio linadanganywa na sauti kubwa: feda ikiwa juu, mkia uleule unasikika mrefu zaidi, na mtu anafupisha muda wakati alichohitaji ni kushusha kiwango. Aliyechoka na anayeanza wote wawili wanahitaji namba ya kuwashika mkono.

Kwa ala ipi, njia ipi

Sneya na makofi: hesabu kwa kichelewesho na kwa geti, sikio kwa mkia wa kawaida. Nimeshaeleza vya kutosha.

Mwimbaji ndiye anayehitaji muda wako mwingi. Anza na noti ya 1/64 ya tempo, sikiliza konsonanti zake, si irabu. Kama bado anazama, usikimbilie kichelewesho kirefu. Weka kompresa kwenye njia ya rivabu, ifunguliwe na sauti ya mwimbaji mwenyewe, ili rivabu ishuke anapoimba na kuinuka anapovuta pumzi. Kichelewesho kinalinda mwanzo wa neno tu. Kompresa hii inalinda mstari mzima. Na hapo tempo inarudi kwa mlango mwingine, kwa sababu muda wa kompresa kuachia ndio unaoamua rivabu iinuke lini. Ninaujaribu karibu na nusu pigo kisha ninausogeza mpaka rivabu iinuke pamoja na mdundo badala ya kurukia katikati yake.

Anayechana kwa kasi, maneno yamebanana, hana pumzi ya kujazwa. Mkia wake uwe chini ya sekunde moja, kichelewesho kidogo, na kama unataka ukubwa tumia dilei ya noti ya nane au ya robo iliyofifishwa, ambayo huacha nafasi tupu kati ya marudio. Kwa tempo za kasi, kuanzia kama 130 kwenda juu, dilei hunifaa kuliko rivabu mara nyingi.

Pedi (sauti ndefu za kinanda zinazotanda nyuma) na nyuzi zinazoingia taratibu hazina mshindo wa kwanza, kwa hiyo kichelewesho hakisikiki ndani yake. Kukipigia hesabu hapo ni kupoteza muda. Angalia mkia tu, na uuangalie pale kodi (noti zinazopigwa pamoja) zinapobadilika: kodi ya zamani ikibaki juu ya mpya kwa zaidi ya pigo moja na noti zao zinagombana, fupisha. Hapo kipimo chako si pigo tena, ni urefu wa kodi. Wimbo unaokaa kwenye kodi moja kwa baa nne unaweza kubeba mkia wa sekunde 5, na wimbo wa tempo hiyohiyo unaobadilisha kodi kila mapigo mawili utakufa kwa sekunde 3.

Kiki na besi: kwa kawaida siziwekei rivabu yenye mkia wa kupimwa, ila chumba kifupi sana kama zinasikika kavu mno.

Umebaki wimbo uliorekodiwa bila kliki ya metronomu, watu wamekaa chumbani wakapiga pamoja. Ubeti unakwenda 94, kiitikio kinapanda 99, mwisho unashuka 91. Kitufe cha kufuata tempo kitakufaa tu ukikaa uchore ramani ya tempo ya wimbo mzima, na kwa ajili ya rivabu peke yake sioni kama kazi hiyo inalipa. Pima kiitikio, maana ndipo rivabu inaposikika zaidi, chukua noti ya 1/64 yake, milisekunde 38, uiache hivyo mwanzo hadi mwisho. Kwenye ubeti ingepaswa kuwa 40, mwishoni 41. Hakuna atakayezisikia milisekunde 3 hizo. Mkia uusikilize kwenye sehemu yenye mwendo wa kasi zaidi. Ukipumua pale, kwingine kote una nafasi ya ziada.